Bendi za baa: tuacheni kuomba radhi kabla ya kupiga wimbo wetu

Mpiga besi wa Jinja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nasema na wote, lakini hasa nyinyi mnaopanda jukwaani: Kampala, Mbale, Tororo, Busia zote mbili, na ndugu zetu wa Kisumu mnaovuka mpaka na magita mgongoni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Mimi napiga besi kwenye bendi ya watu watano hapa Jinja. Jina la bendi naliacha, sijaja kutangaza. Kila Jumamosi tunapiga kwenye baa moja isiyo mbali na mto, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba hivi. Kazi yetu kubwa ni kopi, yaani nyimbo za watu, za roki ya zamani: Deep Purple, Eagles, Queen, Creedence, Dire Straits kidogo, na country mbili tatu, kwa sababu huku kwetu ukimaliza usiku bila Kenny Rogers wazee wanakudai. Halafu tunazo nyimbo zetu wenyewe saba, zote za Kiswahili. Msishangae Kiswahili. Jinja ni mji wa kambi ya jeshi, wa reli, wa viwanda, na wa madereva wa malori wanaotoka Mombasa. Kwenye baa yetu Msoga, Mluhya, Mwacholi na Mkenya wakikaa meza moja, Kiswahili ndicho kinachoagiza bia.

Sasa Jumamosi. Kabla yetu walipanda vijana wanne kutoka Iganga. Wanapiga vizuri, na mpiga dramu wao ana mkono mzito uliotulia. Walipiga kopi nne, watu wakaitikia, meza za mbele zikaanza kugonga chupa. Ndipo mwimbaji akasogelea maiki, akasema: "Samahanini jamani, huu ni wetu wenyewe, tuvumilieni kidogo." Nilikuwa pembeni nakunjua waya wa besi. Nikaziona meza tatu zikiinuka, huyu kaunta, yule msalani, wale wengine nje kwenye muchomo, nyama choma. Na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, mzuri kuliko kopi zote nne walizozitanguliza, ila ulipigiwa viti.

Niliumia, kwa sababu sisi tulifanya hivyohivyo kwa miezi mingi.

Nyimbo zetu zilizaliwa wakati wa korona. Machi 2020 baa zilifungwa nchi nzima, hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Mpiga dramu wetu aliuza matoazi yake moja baada ya jingine, akabaki na ngoma tupu. Mimi nilirudi kuchomelea mageti. Mpiga solo alikuwa na gita kavu, lisilotaka umeme, basi mchana tukawa tunakutana uani kwake, tukihesabu saa tusije tukakutwa na kafyu njiani. Kopi haikupigika pale. Kopi unampigia mtu anayeijua. Mkiwa watatu uani, mnaipiga mara mbili, imekwisha utamu. Tukaanza kutunga kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure.

Baa zilipofunguliwa tukazipanga zote saba mwisho kabisa, saa sita na nusu usiku, wakati nusu ya watu wameondoka na nusu wamelala mezani. Na kila wimbo tuliutangulizia maelezo: tuliutunga lini, unahusu nini, mtuwie radhi. Meneja akatuita kando. "Vijana, mimi nawalipa mpige vitu watu wanavyovijua." Laki sita kwa watu watano, humohumo mafuta ya gari la vyombo. Nani angebishana? Tukazipunguza mpaka mbili, kisha moja, kisha tukawa tunasahau hata hiyo moja.

Kilichotugeuza ni umeme kukatika. Tulikuwa katikati ya "Hotel California" ya Eagles, kwenye ule mzunguko wa mishiko minane ya gita unaofunguka kwa B maina na kufungwa na F shapu. Giza, pwaa! Besi ikafa mikononi mwangu, gita likafa, maiki ikafa. Mpiga dramu hakusimama. Watu wakawasha tochi za simu, wakaendelea kuimba wenyewe gizani, wakimfuata yeye. Jenereta la pale linavutwa kwa kamba, na yule kijana alilivuta mara nne au tano. Lilipowaka, mpiga solo hakujua tumefika wapi kwenye mzunguko. Mkono wake ukaenda ulikozoea: akaanza wimbo wetu, ambao nao uko B maina na mwendo wake ni uleule. Mimi nikamfuata. Mwimbaji akaingia.

Hakuinuka mtu. Waliokuwa wanacheza waliendelea kucheza, na jamaa mmoja wa meza ya mbele alifumba macho akawa anatikisa kichwa wimbo mzima. Ulipokwisha wakapiga makofi yaleyale waliyompigia Eagles. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Tulipokuwa tunapakia vyombo mpiga dramu akasema: "Leo hatukuwaomba samahani." Basi, hilo ndilo limenileta hapa. Mtu wa baa haukimbii wimbo asioujua. Anakimbia mtu aliyesimama mbele yake na maiki akamwambia kwamba kinachokuja hakina uzito. Tunamfukuza sisi wenyewe, halafu tunarudi nyumbani kusema Waganda hawapendi muziki wa bendi mpya.

Siku hizi wimbo wetu wa kwanza tunaupiga wa tatu au wa nne, watu wakiwa wamechangamka na bado wana akili zao. Dramu haisimami kati ya kopi na wimbo wetu, tunapita kama gari linavyobadilisha gia. Mwimbaji hasemi kitu. Na tunaurudia kila Jumamosi, wiki baada ya wiki, hata kama wiki hiyo sisi wenyewe umetuchosha, kwa sababu msikilizaji ndiyo kwanza anausikia mara ya pili.

Wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa Ntinda

Kaka, umesema ukweli lakini wewe una bahati ya Jumamosi ya kudumu. Sisi hapa Kampala tunaitwa leo Bugolobi, kesho Kabalagala, keshokutwa harusi. Kila mahali ni watu wengine. Nitaurudia wimbo kwa nani? Na mwenye harusi amelipia nyimbo anazozijua. Mimi nina familia. Kopi imelipa karo ya watoto wangu wawili, siwezi kuidharau.

Mpiga besi wa Jinja

Mkuu, kopi sijaidharau hata kidogo, na karo ni karo. Kopi ndiyo iliyonifundisha besi. Nimejifunza kunyamaza kwa kumsikiliza John McVie wa Fleetwood Mac, mahali pa kuacha noti isipigwe. Ninalosema ni kwamba kwenye ratiba yako ya nyimbo thelathini, mmoja uwe wako, na uupige kama thelathini zote ni zako.

Beatles walikuwa bendi ya baa. Kuanzia 1960 walipiga Hamburg, Ujerumani, saa nyingi kila usiku, wakipiga nyimbo za watu kwa walevi wa bandarini. Walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1963 ilikuwa na nyimbo 14, na 6 kati ya hizo bado zilikuwa kopi. Nane zao, sita za watu, kwenye sahani moja. Aliyenunua alizisikiliza zote sawa.

Dada mwimbaji, Busia

Shikamooni wakubwa. Mimi naimba kwenye bendi ya upande huu wa Uganda. Shida yangu si watu kuinuka, ni Kiswahili chenyewe. Nikiandika kwa Kiingereza maneno yanaingia kwenye mdundo wa roki bila taabu. Nikiandika kwa Kiswahili inakuwa kama namkimbiza ng'ombe mlango mdogo. Maneno marefu! Kaka wa Jinja, nyinyi mliwezaje?

Mpiga besi wa Jinja

Marahaba dada. Hapo umegusa mahali ambapo tulihangaika karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Tuna wimbo wa daraja. Ni lile jipya la hapa lililofunguliwa Oktoba 2018, la nyaya, mita 525, ambalo ukisimama chini yake usiku taa zake zinalala juu ya maji. Wimbo unahusu mtu aliyebaki mjini wakati wenzake wote wamehamia Kampala. Mara ya kwanza tulichukua tuni iliyokaa Kiingereza tukaijaza Kiswahili. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na roki inapenda kufunga mstari kwa neno la namna hiyo, kama msumari. Sisi tukawa tunasukuma silabi ya mwisho ipokee nguvu: naba-KI, mto-NI. Mwimbaji wetu amezaliwa na Kiswahili, lakini ukimsikia ungedhani mtalii anauliza njia.

Mpiga dramu ndiye aliyeona mlango ulipo. Pigo la roki ni nne. Mguu unapiga ngoma kubwa kwenye la kwanza na la tatu, fimbo inapiga snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye la pili na la nne. Kila pigo ukiligawa mara mbili unapata nafasi nane. Sasa kumbuka shairi la darasani: mizani, yaani silabi, kumi na sita, vipande viwili, nane kwa nane. Utenzi nao, mstari ni mizani nane. Tukaandika upya:

*Mto wapita, nabaki,*
*na taa zanitazama.*

Hesabu kwa vidole: m-to-wa-pi-ta-na-ba-ki. Nane. Na-ta-a-za-ni-ta-za-ma. Nane. Halafu angalia mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kwenye kipande cha mizani nane mkazo wa mwisho lazima uangukie ya saba: na-BA-ki, zanita-ZA-ma. Na nafasi ya saba kati ya nane ndiyo pigo la nne. Snea inapolia, ndipo ulimi unapokaza. Silabi ya nane inabaki nyuma ya pigo, laini, inashuka yenyewe.

Siku tuliyoijaribu mara ya kwanza mpiga dramu aliweka fimbo chini akacheka kwa furaha. Babu zetu waliotunga tenzi hawakuwa na snea, lakini kipimo walituachia kilichokwisha kukatwa. Usimkimbize ng'ombe, dada. Anza na mizani nane, tuni itakufuata. Na maneno marefu yatakusaidia, maana "zanitazama" ni sentensi nzima ndani ya pumzi moja, Kiingereza kingehitaji maneno manne.

Dada mwimbaji, Busia

Nimejaribu sasa hivi nikiwa jikoni, napiga mwiko kwenye sufuria. Jamani. Inakaa!

Mzee wa muziki, Kampala

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nilikuwa kijana miaka ya sabini nikifuata bendi kumbi kwa kumbi. Kulikuwa na Cranes Band, na waliotoka kwenye mizizi hiyo wakaunda Afrigo mwaka 1975, Moses Matovu na saksafoni yake. Mwaka 1975 hapa Uganda! Nyinyi mnalalamikia jenereta, wale walianzisha bendi chini ya Amin. Wakavuka utawala ule, wakavuka vita vilivyofuata, na kilichowavusha ni nyimbo zao wenyewe. Leo Afrigo wakipanda jukwaani, watu wanawaomba za Afrigo. Philly Lutaaya naye alipitia Cranes kabla ya kwenda Sweden, na nyimbo alizozitunga kule ugenini ndizo Uganda nzima ilizomlilia nazo alipofariki Desemba 1989.

Na mnaopenda gita, mtafuteni Geoffrey Oryema. Baba yake alikuwa waziri, akauawa 1977, na kijana akavushwa mpaka akiwa ndani ya buti la gari. Alifika Ufaransa. Mwaka 1990 Peter Gabriel akamtolea albamu kwenye lebo yake, Brian Eno akiwa mtayarishaji. Wazungu hao wawili ni vigogo wa roki, na Oryema hakuziacha lugha zake kwa ajili yao. Aliwaimbia Kiacholi na Kiswahili. Alifariki 2018. Kila nikisikia kijana anaomba samahani kwa sababu ya wimbo wake, namfikiria yule mtu kwenye buti.

Mgeni wa uzi

Kwa heshima zote, roki ni muziki wa wazungu. Kwa nini msipige kadongo kamu, muziki wetu?

Dereva wa lori, Malaba

Ndugu yangu, kadongo kamu naipenda, mtu na gita moja akisimulia kisa kizima, nikiwa barabarani inanisogezea kilomita. Lakini usiwape wazungu kisicho chao peke yao. Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa Marekani, alikuwa anachana gita la umeme kanisani kabla roki haijapewa jina. Chuck Berry alikuja 1955 na gita linaloongea. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946, Mji Mkongwe, watalii wanapiga picha hapo mpaka leo. Na Zambia miaka ya sabini walikuwa na roki yao kabisa, bendi ya WITCH ikiongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimbandika jina Jagari kwa sababu ya Mick Jagger. Fundi mmoja wa Ndola aliniwekea kanda yao kwenye gari, nikaharibu ratiba kwa kurudisha nyuma.

Mimi nimewahi kulala Jinja nikasikia bendi ikiimba kuhusu daraja. Sikujua kama ni wao walioutunga. Nilidhani ni wimbo wa zamani ambao ulinipita.

Mpiga besi wa Jinja

Dereva, ulivyoandika hapo mwisho nimeisoma mara tatu. Nimempelekea mwimbaji wetu, hajajibu, najua amekaa mahali kimya. Asante.

Mdau wa Entebbe

Kaka, hizo saba zimesajiliwa? Kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 na usajili upo pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Wimbo ukipendwa baa, kesho utausikia kwenye tangazo la mtu. Rekodini hata kwa simu, andikeni tarehe, na kubalianeni mapema nani kaandika maneno na nani tuni, mkiwa bado marafiki.

Mpiga besi wa Jinja

Bado, mkuu, na umetukumbusha jambo zito. Tutalikaa bendi nzima kabla ya Jumamosi.

Na hilo la nani kaandika maneno lina kisa, nikimalize nikalale.

Nje ya lango la baa yetu kuna mama anayechoma muchomo na gonja, zile ndizi za kuchoma. Yuko pale kabla hatujafika na tunamwacha akizima makaa. Hajawahi kuingia ndani hata siku moja, anatusikia kupitia ukutani. Wiki ya tano au ya sita tangu ule usiku wa giza, nilitoka kununua mishikaki tukiwa mapumzikoni. Alikuwa ameinama, anapepea moto kwa kipande cha boksi, na anaimba. Nilidhani ni wa kanisani. Nikasimama nyuma yake. *Mto wapita, nabaki.* Kile kipande cha boksi kilikuwa kinashuka kwenye makaa pale pale ambapo snea inalia, cheche zinaruka, ba, kisha kinapanda.

Lakini mstari wa pili hakuimba tulivyoandika. Sauti kupitia ukutani ilikuwa imemfikia vibaya, au masikio yake yalichagua yenyewe. Aliimba: *na taa zanitania.*

Nikamuuliza, "Mama, umesema zanitania?" Akageuka, akaniambia, "Si ndivyo mnavyoimba? Huyo mtu wenzake wamemwacha. Taa zinamcheka." Akanifungia mishikaki kwenye gazeti, akaongeza pilipili bila kuniuliza.

Nikarudi ndani nikamwambia mwimbaji. Akahesabu kwa vidole: na-ta-a-za-ni-ta-ni-a. Nane. Akanitazama. Duru ya pili tukaupiga tena wimbo wa daraja, mara ya pili usiku uleule, jambo ambalo hatujawahi kulifanya, na mlango wa mbele tukauacha wazi. Tangu siku hiyo tunaimba zanitania. Kwenye karatasi ya URSB, mahali pa watunzi, itabidi tumuulize mama jina lake lote.